Kisa cha kwanza kwa wachezaji wanne wapya wa ngazi ya 1: nirekebishe wapi?

Mshika_Skrini aliandika:

Habari za humu wadau. Naandaa kisa cha kikao kimoja, saa tatu, kwa wachezaji wanne ambao hawajawahi kushika dadu ya pande 20. Natumia mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, Dungeons & Dragons toleo la 5, kanuni za 2014. Wahusika wote ni ngazi ya 1: mpiganaji (uhai 12), kasisi (10), mwizi (9) na mchawi (8).

Kisa chenyewe: kwenye kivuko cha mto kuna kengele ya shaba inayopigwa kila magharibi. Juzi usiku imeibwa. Wanakijiji hawajui kwamba mlio wake ndio uliokuwa ukiwalaza wafu waliozikwa pangoni ng'ambo ya mto. Walioiiba ni goblini (vijitu vidogo vikorofi), wanataka kuiyeyusha, na wao wenyewe hawajui wamejitafutia nini.

Mpango uko hivi. Tunaanza kwa kutengeneza wahusika pamoja. Kisha wote wanakutana nyumba ya wageni, mzee wa kijiji anawasimulia historia ya kengele (nimeandika kurasa mbili). Njiani msituni goblini sita wamejificha juu ya miti na pinde. Wakipita hapo wanafika mlango wa jiwe wenye kufuli, kizingiti 15 (namba ambayo dadu na nyongeza zake lazima zifikie). Ndani kuna korongo la futi 10 upana na futi 30 kina, lenye daraja la kamba lililooza. Mwisho ni ukumbi ambao bagibea (jitu lenye manyoya, jamaa ya goblini) amevizia gizani, kengele iko nyuma yake. Wakiigusa kengele, viunzi vinne vya mifupa vinainuka makaburini.

Nahisi ni rahisi mno. Niongeze nini?

---

HesabuKwanza alijibu:

Usiongeze kitu mkuu. Punguza. Kwa mpango huo hakuna atakayeuona mlango.

Anza na wale goblini sita. Kila goblini ana pointi 50 za uzoefu (ndizo zinazopima ugumu wa pambano), jumla 300. Kanuni za 2014 zinataka uzidishe kwa 2 maadui wakiwa kati ya watatu na sita, unapata 600. Kwa mhusika wa ngazi ya 1 mipaka ni 25 pambano jepesi, 50 la kati, 75 gumu, 100 la kuua. Wako ni wanne, kwa hiyo la kuua linaanzia 400. Wewe uko 600 na ndiyo kwanza wametoka kijijini.

Ukitaka kuona kinachotokea mezani, achana na jedwali, tazama mishale. Goblini ana +4 ya kulenga, yaani anatupa dadu ya pande 20 na kuongeza 4. Dhidi ya deraya 14 (kinga, namba ya kufikia ili umpate mtu) anahitaji 10 kwenda juu, yaani asilimia 55. Akiwa amejificha anatupa dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, inapanda hadi karibu 80. Kila mshale unaopata ni 1d6+2 (dadu moja ya pande sita, jumlisha 2), wastani 5.5. Mishale sita kutoka mafichoni: pointi 26 hivi kabla mchezaji yeyote hajasema neno. Kundi zima lina uhai 39. Na goblini akishapiga anaweza kujificha tena kwa tendo la ziada (tendo dogo la pili kwenye zamu hiyohiyo), kwa hiyo raundi ya pili wachezaji wako watakuwa wanauliza "tunampiga nani?" na wewe unajibu "hamwoni mtu". Hakuna namna mbaya zaidi ya kumfundisha mtu mchezo.

Weka wawili chini, wanabishana wazi kuhusu nani abebe nini. Wa tatu yuko nyuma kidogo, na kazi yake ni kukimbia kwenda kuwatahadharisha wenzake. Wawili ni 100 mara 1.5, unapata 150, katikati ya jepesi na la kati. Yule wa tatu anawapa uamuzi wa kwanza wa maana: tumfukuze au tumalize hawa? Goblini ana uhai 7 tu, kwa hiyo mpiganaji anaweza kumwangusha kwa pigo moja, na mchezaji mpya anahitaji kulionja hilo mapema.

Bagibea ndiye hatari yenyewe. Kwenye jedwali anaonekana mpole, pointi 200, kwa watu wanne ni pambano la kati. Lakini pigo lake ni 2d8+2, wastani 11, na akimpiga mtu aliyeshtukizwa raundi ya kwanza anaongeza 2d6, wastani 7. Hiyo ni 18. Mchawi wako ana 8. Akifika sifuri zinabaki 10, na kanuni inasema kilichobaki kikifikia au kupita uhai wake kamili, amekufa papo hapo, hakuna hata jaribio la kifo. Pigo la wastani kabisa, bila bahati mbaya yoyote, linamtoa mchezaji mezani.

Kama unampenda bagibea wako mwache, ila asiwe amevizia. Awe amekaa karibu na moto anapiga shaba kwa nyundo, wamsikie tangu korongoni.

---

mlango_wa_tatu alijibu:

HesabuKwanza amemaliza upande wa damu. Mimi nina neno kuhusu ule mlango.

Mwizi wa ngazi ya 1 kwa kawaida ana +5 na vifaa vya kufungulia. Kizingiti 15 anahitaji 10 kwenda juu, asilimia 55. Kwa hiyo kuna asilimia 45 kwamba mchezo wako unasimama pale mlangoni. Utafanyaje? Utamwambia ajaribu tena, na tena, mpaka afaulu. Basi kulikuwa na haja gani ya kutupa dadu?

Badili maana ya kushindwa. Mlango utafunguka kwa vyovyote vile. Dadu inaamua gharama. Akifaulu, umefunguka kimyakimya. Akikosa, umefunguka lakini bawaba zimelia, na goblini wa ndani wamejua. Au umechukua dakika kumi na tochi imebaki nusu. Hapo kila matokeo yanausogeza mchezo mbele.

Tena usiufanye uwe njia pekee. Weka tundu la moshi juu ya kilima, mtu mwembamba anapita kwa jaribio jepesi la wepesi, kizingiti 10. Na yule goblini wa tatu akikamatwa anaujua ufunguo uko wapi. Ukishakuwa na njia tatu, wachezaji watabuni ya nne, na karibu kila mara ya nne ndiyo nzuri. Ikubali.

Jambo la namna hiyohiyo kwenye vidokezo. Sioni kwenye mpango wako wanajuaje kwamba kengele inalaza wafu. Kama ni kwenye zile kurasa mbili za mzee, wamekosa, maana hakuna atakayesikiliza kurasa mbili. Kila jambo muhimu liwekee milango mitatu ya kuingilia: maandishi yaliyochongwa pangoni, mvuvi anayesema tangu juzi anasikia kubisha chini ya ardhi, na kaburi moja lililokwisha kufunguka kutoka ndani. Hivyo vya msingi usivifungie kwenye dadu. Mtu akisema anaangalia kaburi, mwambie anachokiona. Dadu itumike kwa cha ziada, mfano mfu alitoka saa ngapi.

Watu wengi pia hawajui hili: ukisema "kila mmoja atupe jaribio la kuona", watu wanne wenye +2, kizingiti 15, kila mmoja ana asilimia 40. Uwezekano wa wote kukosa ni 0.6 mara nne kwa yenyewe, karibu asilimia 13. Yaani asilimia 87 mtu ataona. Wakati mmoja akitupa peke yake ni 40. Amua mapema nani anaangalia, la sivyo namba ya kizingiti uliyoandika haina maana.

Na korongo lako la futi 10 si kizuizi. Kanuni ya kuruka: ukikimbia futi 10 kwanza, unaruka umbali wa futi sawa na nguvu zako. Mwenye nguvu 10 anavuka bila dadu. Anayejua kanuni atakucheka. Fanya upana 20. Kina nacho, futi 30 ni 3d6, wastani kati ya 10 na 11, hiyo inamlaza kila mtu isipokuwa mpiganaji. Kifanye futi 10 na maji chini: 1d6, tochi imezimika, na sasa yuko sehemu tofauti na wenzake. Hiyo inatosha kumtia mtu jasho.

---

SaaYaMchanga alijibu:

Saa tatu ni dakika 180. Ukitengeneza wahusika pamoja na watu wapya wanne, dakika 60 zimekwenda, wengine 90. Njoo na karatasi za wahusika zilizokamilika. Waachie jina, sura na jambo moja tu la kuamua: unamdai nani kijijini?

Kwenye karatasi ya kila mmoja, juu kabisa kwa herufi kubwa, andika mambo matatu anayoweza kufanya kwenye zamu yake, namba zikiwa zimeshajumlishwa. "Upanga: tupa d20, ongeza 5. Ukipata, 1d8+3." Kosa la kawaida ni kuwapa karatasi rasmi yenye visanduku vingi halafu kila zamu mnatafuta "+5 inatoka wapi". Mchawi na kasisi wape kila uchawi kwenye kadi yake, na vikorokoro viwili vya kuashiria nafasi zao mbili za uchawi. Akitumia, anarudisha kikorokoro kwako. Hakuna cha kueleza tena.

Usianzie nyumba ya wageni. Anzia ukingoni mwa mto, jua linazama, mnara hauna kengele, na chini ya ardhi kitu kinabisha. Sentensi nne, tano ikibidi, kisha uliza: "Mnafanya nini?" Historia ya mzee igawe vipande, kila mchezaji anajua kimoja kwa sababu mhusika wake ni wa pale. Watasimuliana wenyewe.

Kuhusu muda wa mapambano: mchezaji mpya anachukua dakika mbili kwa zamu. Wanne ni nane, weka na maadui, raundi moja ni dakika kumi hivi. Pambano la raundi tatu hadi nne linakula nusu saa au dakika 40. Mapambano mawili yanakaa vizuri ndani ya saa tatu, la tatu likiwa fupi. Wewe una goblini, bagibea na viunzi, na kila moja umelipanga liwe kubwa. Bagibea na viunzi viunganishe viwe tukio moja.

Mpangilio wa zamu: kunja vikaratasi vyenye majina, vining'inize juu ya skrini yako (kile kibao kinachoficha maelezo yako mezani) kwa mfuatano. Kila mtu anaona zamu yake inakuja na anaanza kufikiri mapema. Ni jambo dogo, lakini kinaokoa dakika nyingi kuliko kanuni yoyote utakayoifupisha.

---

Kibuyu_cha_Pili alijibu:

Nakubaliana na mengi, ila naona mnaelekea kutengeneza kisa ambacho hakuna anayeweza kufa. Bila hatari halisi dadu ni mapambo. Na tafadhali msimfundishe huyu kubadilisha dadu nyuma ya skrini. Siku wachezaji wakigundua, hawatakuamini tena hata ukisema kweli.

---

HesabuKwanza alijibu:

@Kibuyu_cha_Pili hakuna aliyesema afiche dadu. Atupe wazi, mbele ya wote. Kinachotakiwa ni maadui wawe na nia zao, na nia ya goblini hawa ni fidia na shaba. Kanuni inamruhusu anayepiga kwa silaha ya mkononi, pigo likimfikisha mtu sifuri, aamue kumzimisha badala ya kumuua. Goblini wanataka mateka wa kuuza. Hapo mtu akianguka kuna matokeo mazito, anaburutwa gizani, lakini mchezaji bado yumo mezani. Wakipungua chini ya nusu, wanakimbia. Hakuna goblini aliyeapa kufia kengele.

Viunzi navyo havina huruma, na hapo ndipo hatari yako halisi iko. Wachezaji waelezwe majaribio ya kifo kabla ya kuingia pangoni, si mtu akiwa ameshalala. Ni d20 bila nyongeza: 10 kwenda juu ni heri, chini yake ni shari. Heri tatu umetulia, shari tatu umekufa. 20 unaamka na uhai 1, 1 inahesabika shari mbili. Akipigwa akiwa chini, shari moja. Na pigo la mkononi kutoka karibu huwa pigo kuu, hizo ni shari mbili. Wengi husahau hilo la mwisho, ndiyo maana watu hufa ghafla na meza nzima inabishana.

---

Kibuyu_cha_Pili alijibu:

Hapo sawa. Ongeza na hili: kasisi wako awe na ule uchawi wa neno la kuponya, maana anausema kwa tendo la ziada akiwa hata futi 60. Ni 1d4 pamoja na nyongeza yake, kidogo, lakini kumwamsha aliyelala sifuri kunahitaji pointi moja tu. Na mwonye mapema kwamba kufukuza wafu hakupo ngazi ya 1, kunaanza ngazi ya 2. Kila kasisi mpya huwa anadhani anao.

Mchawi mpe uchawi wa usingizi. Kwa kanuni za 2014 unalaza jumla ya uhai 5d8, wastani 22 na nusu, na goblini watatu ni 21. Siku ukikubali atamaliza pambano zima kwa tendo moja, na usinune, ndiyo furaha yake. Haushiki wafu, kwa hiyo ukumbini kazi itarudi kwa wengine.

---

Mshika_Skrini alijibu:

Duh. Asanteni, kumbe nilikuwa naandaa mazishi.

Nimebadili hivi: mwanzo ukingoni mwa mto, goblini wawili pamoja na yule wa tatu wa kukimbia, mlango unaofunguka kwa gharama, korongo futi 20 lenye maji. Ukumbini bagibea anagonga shaba, goblini mmoja anampepelea moto. Kuhusu viunzi bado nimekwama. Vinne vinaonekana vingi, viwili vinaonekana vichache. Na kengele yenyewe nataka ifanye kitu, isiwe zawadi tu ya kubeba.

Swali jingine: wakiamua kuwasha moto mlangoni na kujaza pango moshi? Mmoja wao namjua, atalisema hilo dakika ya kwanza.

---

mlango_wa_tatu alijibu:

Viunzi vinne ni pointi 200 mara 2, 400, mpaka wa kuua kabisa, tena wakiwa wameshatumia nafasi za uchawi. Vilete kimoja kimoja. Kimoja kinainuka mwishoni mwa raundi ya kwanza ukumbini, kingine raundi inayofuata, hadi vitatu. Cha nne kibaki mkono unaotikisa kifuniko cha kaburi, uutumie tu kama wachezaji wanateleza. Bagibea akiona cha kwanza naye anaogopa. Viunzi vinampiga yeyote aliye karibu, goblini au mtu. Wachezaji wakijaribu kupatana na bagibea hapo, mpe kizingiti 10, au asidai dadu kabisa kama wana hoja. Mchezaji mpya akigundua kwamba adui anaweza kuwa mshirika, umeshinda kikao.

Kiunzi kina uhai 13, deraya 13, na silaha butu zinakiumiza mara mbili. Rungu la kasisi na fimbo ya mchawi ni butu. Mpiganaji wa upanga ataachwa nyuma, kwa hiyo nyundo ya bagibea iwe pale sakafuni. Usiwaambie kanuni. Sema upanga umepita katikati ya mbavu na kukwangua tu, rungu limeuvunja mfupa vipande. Watafahamu.

Kengele iwe na kilo 40. Peke yake mtu mwenye nguvu anaibeba kwa mikono miwili, hana silaha, mwendo nusu. Wawili wanaibeba kwa mkono mmoja mmoja, mwendo wa kawaida. Mtu akitumia tendo lake kuigonga, viunzi vyote vinaganda mpaka zamu yake inayofuata. Sasa wana hesabu ya kufanya: nani anagonga, nani anabeba, nani anapigana, na korongo la futi 20 bado linawangoja wakiwa wanarudi na kilo 40. Kamba waliyoiacha njiani itakumbukwa hapo.

Moshi ukubali, kwa sehemu. Goblini watatoka kwa tundu la juu wakikohoa, bagibea naye kwa kujibana, na wachezaji wakiwa wamelizingira tundu wanapata zamu ya bure. Lakini kengele iko ndani, na kwa dakika kumi ukumbi hauonekani hata hatua moja: kila anayepiga asichokiona anatupa dadu mbili na kuchukua ndogo. Wafu hawapumui. Kubisha kunaendelea ndani ya moshi, na kila dakika wanayongoja nje, kaburi jingine linafunguka. Andika saa hiyo kwenye karatasi yako, vikaburi vitatu vya kuweka alama, na ukiweka alama uiweke mahali wanapoiona.